Dawa za kansa ndani ya thieta: naambiwa nichanganye mitomaisini kwenye troli na nina mimba, naombeni ushauri

DadaSkrabu

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana hapa kazini nimeuliza watu wanne nimepata majibu manne.

Mimi ni nesi wa thieta (chumba cha upasuaji), huu mwaka wa sita, hospitali ya mkoa huku kanda ya ziwa. Zamani dawa za kansa tulikuwa tunazisikia tu, mgonjwa akizihitaji anapewa rufaa anaenda Bugando au Ocean Road, sisi kazi yetu ilikuwa kutoa uvimbe, kipande kinaenda maabara, basi. Sasa tangu mwaka jana tumepata bingwa wa njia ya mkojo, halafu kila baada ya miezi miwili inakuja timu ya macho, na wote hao wanatumia mitomaisini. Bingwa wa mkojo akishakwangua uvimbe wa kibofu anataka dawa iingizwe mapema kwa mpira wa mkojo, ibanwe saa nzima mle ndani ndiyo iachiwe. Wa macho wanalowesha kisponji wanakiweka jichoni dakika chache, kwa wagonjwa wa kinyama cha jicho na wale wa presha ya jicho.

Dawa inakuja ya unga kwenye kichupa na anayeichanganya ni mimi. Pale pale pembeni ya meza, kwenye troli, glavu moja, maski ya kawaida, napiga maji ndani natikisa navuta. Wiki mbili zilizopita wakati nachomoa sindano kichupa kikarusha, matone kama matatu ya zambarau yakanidondokea juu ya kifundo cha mkono, glavu ilikuwa imeishia chini yake. Mgonjwa yuko mezani, dokta kanyoosha mkono anasubiri, nikafuta na pamba ya spiriti nikaendelea.

Shida yangu ni kwamba nina mimba ya wiki 11 na anayejua ni mume wangu tu, sasa na nyie. Nilimwambia inchaji, nesi msimamizi wetu, kwamba ile dawa naiogopa (mimba sikumtajia) akaniambia mwanangu hiyo ni dozi ndogo, ya jicho tu, mgonjwa mwenyewe anawekewa na anaenda nyumbani, wewe una glavu na gauni unaogopa nini, sisi tumeshika makubwa kuliko hayo na tumezaa. Na ni mama mzuri, kazi hii amenifundisha yeye, simsemi kwa ubaya.

Nachouliza ni hivi, glavu na gauni la thieta vinatosha au havitoshi, yale matone yanaweza kuwa yamemfanya kitu mtoto, nani hasa anatakiwa kuchanganya, na vile visponji na mkojo wa yule mgonjwa tuvipeleke wapi maana kwa sasa vinaingia mfuko wa njano wa taka pamoja na kila kitu. Na nikikataa kuchanganya nitakuwa nimegoma kazi? Nisaidieni, silali.

MfamasiaMzizima

Dada pole, na hongera kwa mimba. Nipo kwenye famasi ya dawa za saratani miaka tisa sasa, naomba nikujibu kwa urefu.

Naanza na hilo la mtoto. Matone matatu kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, mara moja, si sawa na mtu aliyechomwa dawa kwenye mshipa, kinachopenya hapo ni kidogo mno, kwa hiyo usikae ukiamini umeshamdhuru mwanao. Ila kesho mwambie daktari wa kliniki yako ya wajawazito, mtajie jina la dawa na tarehe, aandike. Na lile tukio liingie kwenye kitabu cha matukio cha thieta hata kama wiki mbili zimepita. Na kuanzia kesho usichanganye tena, hilo halina mjadala, miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo vya mtoto vinajengeka na hizi dawa kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike.

Pale ulipofuta kwa spiriti wengi tunakosea. Spiriti inaua vijidudu, dawa hii haiivunji, inaitandaza tu mkono mzima. Ngozi ikiguswa ni maji mengi na sabuni papo hapo, jicho likirukiwa ni maji au salaini dakika 15 mfululizo, hata mgonjwa awe mezani, mwenzako ashike nafasi yako.

Sasa glavu na gauni. Tumefundishwa thieta ndiyo mahali safi kuliko pote hospitalini kwa hiyo mtu akishavaa anajiona amekingwa, lakini vile vitu vilibuniwa zaidi kumkinga mgonjwa na vijidudu vyetu. Gauni la kitambaa linanyonya tone na kukaa nalo juu ya ngozi yako mpaka operesheni iishe. Maski ya upasuaji inazuia mate yako yasiingie kwenye kidonda, ukungu wa dawa unapita pembeni. N95 inazuia chembe, japo mvuke nayo haizuii. Glavu vaa mbili, ya ndani iingie chini ya mkono wa gauni na ya nje ipande juu yake ili pale kifundoni pasibaki wazi kama ilivyokutokea, na ubadilishe kila nusu saa au mara tu ikichanika au ikiguswa na dawa. Glavu zilizopimwa kwa dawa za kemo boksi lake limeandikwa ASTM D6978. Zile za vinaili nyepesi hazifai kabisa. Na ukizivua unanawa kwa maji na sabuni, sanitaiza haiondoi dawa. Gauni liwe la kutupwa, lisilopitisha maji, limefungwa nyuma, mikono ina kibano.

Hiyo ya dozi ndogo naielewa inakotoka. Jichoni kweli mara nyingi ni miligramu 0.2 mpaka 0.4 kwa mililita. Lakini ya kibofu ni miligramu 40 ndani ya mililita 40, na wewe unakutana nayo ikiwa bado unga mkavu. Halafu mgonjwa anapewa kwa sababu anaumwa, faida yake inazidi madhara. Wewe huumwi, faida huna hata moja, na unakutana nayo kila wakija.

Kwa nini kilirusha: ulipiga maji ndani ya kichupa kilichofungwa, hewa ikakosa pa kwenda ikajibana, ulipochomoa ikatoka na dawa. Anayejua kazi anavuta hewa kidogo kwanza ili ndani kuwe na mvuto kuliko msukumo, anaingiza maji kidogo kidogo huku akiruhusu hewa irudi kwenye sirinji, anatumia sirinji ile ya kukaza kwa kuzungusha siyo ya kuchomeka tu, haijazi kupita robo tatu, na hatoi hewa ya mwisho chumbani.

Anayechanganya ni famasi, ndani ya kabineti inayonyonya hewa. Kwenu thieta dawa inatakiwa ifike imeshavutwa, imefungwa kofia, ndani ya mfuko wenye zipu, imeandikwa jina la mgonjwa, kipimo, muda, na alama ya dawa ya saratani. Kama kabineti hamna, ongeeni na hospitali ya karibu yenye nayo, na mwangalie karatasi ya ndani ya boksi inasema dawa ikishachanganywa inakaa saa ngapi maana viwanda vinatofautiana. Mkishindwa kabisa basi iwe chumba cha pekee, mlango umefungwa, feni na kiyoyozi vimezimwa, trei yenye karatasi ya kunyonya ambayo chini yake ina plastiki, glavu mbili, gauni, N95, miwani ya kukinga, na mtu asiye na mimba na asiyenyonyesha. Hiyo ya mwisho nakwambia kwa shingo upande, siyo kwamba inalingana na kabineti.

Sheria ipo upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwenye sehemu ya likizo ya uzazi, inakataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya mwanzo kama inawezekana. Lakini mwajiri hawezi kukulinda kwa asichokijua. Mwambie inchaji una mimba.

MkongweThieta

Jamani msimtishe binti. Nimeshika mkasi miaka 24, mitomaisini, bleomaisini za makovu ya keloidi, methotreksati za mimba zilizotungia nje, zote tulivuta wenyewe wodini na thieta, kabineti tunaisikia kwenye semina. Nina watoto wanne wazima. Mkianza haya mambo manesi vijana watakataa kila kitu na mgonjwa atakosa dawa, na mgonjwa wa kibofu asipowekewa hiyo dawa uvimbe unarudi, mnamsaidia nani?

MfamasiaMzizima

Mkongwe shikamoo. Mgonjwa asikose dawa, hapo tuko pamoja, na sijamwambia yeyote amnyime.

Ila hili la tumezaa naomba nilijibu kwa heshima. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walipima mkojo wa manesi waliokuwa wanachanganya dawa za saratani wakakuta una uwezo wa kubadili vinasaba kuliko wa watu wasiozishika, yaani dawa ilikuwa inaingia mwilini mwao wakiwa kazini na wao hawahisi kitu. 1985 huko huko Finland wakalinganisha manesi waliopoteza mimba na waliojifungua salama, kushika hizi dawa miezi mitatu ya kwanza kukaonekana kuendana na kupoteza mimba. 2012 kwa manesi wa Marekani ikatoka picha ya aina hiyo, hatari ya mimba kutoka ilikaribia mara mbili. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari yake 2004.

Wewe una wanne wazima, alhamdulillahi. Lakini kwa miaka 24 umefanya kazi na wadada wangapi, na kuna waliopoteza mimba wakaambiwa ni kazi ya Mungu? Hakuna aliyewahi kuwauliza walishika nini wiki ile.

MkongweThieta

Wapo. Wawili nawakumbuka, tulikuwa zamu moja. Sijawahi kuliwaza kwa upande huo. Endeleeni nasoma.

bintiKisauni

Dadangu wa kanda ya ziwa pole mno. Mie niko Mombasa, skrabu nesi, yule ampaye dokta vifaa mezani, tulipitia hilo hilo. Mfamasia kashamaliza mambo ya kuchanganya, mie nikwambie yale ya mezani maana dawa ikishafika imefungwa vizuri bado mwaweza kuimwaga kwa haraka zenu.

Kwetu twaitangaza. Ile chekilisti ya WHO ya kabla ya kukata, baada ya kutaja jina la mgonjwa na aleji, nesi wa kuzunguka, yule wa kuleta vitu mezani, asema leo kuna dawa ya saratani, itaingia saa ya mwisho, nani ana mimba au anyonyesha atoke. Na hatutaki maelezo, mtu atoka tu, mwengine aingia. Wasichana wengi mimba ya wiki saba nane hajamwambia mtu, sasa ukimtaka aseme kwanza mbele ya madaktari atanyamaza abaki.

Dawa hairuki meza. Yaani haimwagwi kutoka juu kwenye galipoti, kile kibakuli cha mezani, kama tunavyomwaga salaini, ile ndiyo yarusha. Nesi wa kuzunguka naye avae glavu mbili, aweka sirinji kwenye trei ndogo ya pekee, na trei hiyo haichanganyiki na vifaa vyengine. Haipitishwi mkono kwa mkono. Skrabu aokota, dokta aokota. Ikisha kutumika kila kilichoigusa charudi trei ile ile, glavu za nje zavuliwa papo hapo, ndipo mwendelee kushona.

Kwa kibofu, msimimine ule mkojo kwenye ndoo! Twawacha katheta, ule mpira wa mkojo, imeunganishwa na mfuko wake, saa ikifika waachia kibano yashuka kwenye mfuko, mfuko wafungwa na kutupwa mzima mzima. Kumimina ndiko kunakorusha usoni. Na kama dokta ashuku kibofu kimetoboka wakati wa kukwangua, dawa haiwekwi, hilo hata nesi ana haki ya kuliuliza kwa sauti.

macho_kwanza

Niongeze upande wa macho, nipo kwenye hizo timu za kuzunguka mikoani.

Kwanza samahani kwa niaba ya wenzangu. Tunafika saa mbili usiku, kesho yake wagonjwa 40 kwenye benchi, tunaondoka keshokutwa, hatukai na manesi wa pale kuwaeleza tumewaletea nini. Tunamkabidhi dada kichupa tunamwambia weka maji mililita 10. Ni makosa yetu na nimejiona humu.

Huku kwetu kinyama cha jicho ni kingi kwa sababu ya jua na vumbi, wavuvi, wakulima, waendesha bodaboda. Ukikitoa tu bila kufanya jambo la ziada kinarudi, kwa hiyo mitomaisini ina kazi yake ya kweli, ila siku hizi kwa kinyama sisi tunazidi kupandikiza kipande cha ngozi nyeupe ya jicho la mgonjwa mwenyewe, kinyama nacho hakirudi sana, na dawa tunaibakizia presha ya jicho na vile vinyama vilivyorudi mara ya pili. Kwa hiyo DadaSkrabu swali la kwanza la kuwauliza ni hili, mgonjwa huyu anaihitaji kweli au ni mazoea?

Ya pili ni hesabu. Kichupa cha miligramu 2 kwa maji mililita 10 kinatoa 0.2 kwa mililita, kwa mililita 5 kinatoa 0.4. Kikija cha miligramu 10 au 40 kwa sababu cha 2 kimeisha sokoni, na mtu akaweka maji yale yale aliyozoea, umepeleka jichoni dawa kali mara tano au mara ishirini, na jicho lile linaweza kuyeyuka ukuta wake mweupe miezi baadaye mgonjwa akiwa kijijini. Watu wawili wapige hesabu, kila mtu peke yake, ndiyo walinganishe.

Ya tatu visponji vihesabiwe kama gozi za tumboni. Vimeingia vitatu vitoke vitatu. Nimewahi kuona kimoja kimebaki chini ya ngozi ya jicho, dawa ikaendelea kula. Kikishatoka jicho linaoshwa kwa salaini nyingi, na yale maji yakipokelewa na pamba au kimfuko, hiyo pamba nayo ni dawa.

Na msisahau dawa inayotoka na mgonjwa. Kwa saratani ya ngozi ya jicho tunawapa matone ya 5-FU, dawa nyingine ya saratani, asilimia 1, mara nne kwa siku wiki nne baada ya operesheni, utafiti uliofanyika Kenya na kutoka 2016 ulionyesha ndani ya mwaka uvimbe ulirudi kwa asilimia kama 11 ya waliotumia dhidi ya 36 kwa wasiotumia, kwa hiyo ni dawa nzuri sana. Lakini anayemwekea matone nyumbani ni nani? Mara nyingi ni mke au binti yake. Mpeni glavu, mwambieni chupa isikae karibu na watoto, tone likidondoka shavuni lifutwe na paoshwe.

mzee_wa_usafi

Samahani wataalamu naomba nami niseme, mimi siyo nesi, ni mhudumu wa usafi thieta mwaka wa 11.

Nimesoma yote haya kuanzia juu mpaka hapa. Sisi ndiyo tunamwaga yale machupa ya kunyonyea, tunakunja mashuka, tunadeki damu na maji yaliyo chini ya meza, tunabeba ndoo kwenda kuchoma. Hakuna siku hata moja nimeambiwa leo kuna dawa ya namna hii. Nikiona maji ya zambarau nadhani ni ile dawa ya kupaka vidonda. Glavu tunapewa hizo hizo nyepesi na wakati mwingine moja tunaifua. Kuna mwenzetu alikuwa mjamzito mpaka miezi minane anabeba ndoo.

Sasa nauliza, tutajuaje? Mtuambie alama tu, sisi tutafuata.

MfamasiaMzizima

Mzee wangu asante sana na samahani, swali lako lilipaswa kuwa la kwanza humu.

Alama: chombo kigumu chenye mfuniko, peke yake, kimeandikwa kwa herufi kubwa DAWA YA SARATANI, USIFUNGUE. Humo kinaingia kila kilichogusa dawa, kichupa, sirinji na sindano yake bila kuvunja wala kurudishia kifuniko, visponji, glavu, gauni, mfuko wa mkojo. Sefti boksi ya kawaida isitumike kwa hizi. Na haviendi otokilevu, mvuke wa otokilevu unaua vijidudu, dawa inabaki na nyingine inapanda hewani.

Kuchoma nako siyo tanuri lolote. WHO wanataka joto la nyuzi 1200 na kuendelea kwa dawa hizi, na yale matanuri madogo ya matofali nyuma ya hospitali nyingi hayafiki huko, moshi wake unatoka na dawa unarudi kwenye wodi ya wazazi. Kwa hiyo mnakusanya, mnafunga, mnapeleka kwenye tanuri kubwa la hospitali ya rufaa au mnarudisha kwa aliyewauzia kwa makubaliano. Wingi wake ni mdogo, chombo kimoja kinaweza kutosha hata mwezi.

Ikimwagika: simamisha watu, vaa glavu mbili, gauni, miwani, N95. Funika kwa karatasi au taulo za kunyonya kuanzia pembeni kuja katikati, kama ni unga lowesha taulo kwanza usifagie. Kisha maji na sabuni mara tatu, kitambaa kipya kila mara. Mopu ya kawaida isiguse. Viwekwe kwenye boksi moja ukutani, mtu asianze kutafuta glavu dawa iko sakafuni. Mashuka yenye dawa au mkojo wa mgonjwa huyo yawe kwenye mfuko wake, yafuliwe peke yake mara mbili. Tahadhari ya mkojo na matapishi iwe saa 48 baada ya dawa, kwa hiyo nesi wa wodini naye aambiwe wakati wa kukabidhiana, na mgonjwa mwanaume akojoe amekaa, amwage maji mengi, anawe.

UsingiziSalama

Nipo upande wa usingizi. Nitasema moja tu kwa sababu limetokea nchi nyingi na halina tiba.

Watoto wa leukemia, saratani ya damu, wanaletwa thieta tuwalaze wachomwe methotreksati kwenye uti wa mgongo, na siku hiyo hiyo ratiba yao ina vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ya mshipani. Vinkristini ikiingia kwenye uti wa mgongo mtoto karibu kila mara anakufa, na anakufa polepole. WHO walitoa angalizo 2007 kwamba vinkristini isiwekwe kwenye sirinji, iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, ili hata ukichoka vipi usiweze kuiunganisha na sindano ya mgongo. Kwetu kanuni ni kwamba vinkristini haivuki mlango wa thieta kabisa, itatolewa wodini, siku nyingine. Nesi akiniletea sirinji mbili kwa mtoto wa namna hiyo zote zinarudi famasi na mimi simlazi mtoto mpaka ije moja.

NesiUghaibuni

Nipo thieta Uingereza, tunafanya zile operesheni za kusafisha tumbo lote la saratani halafu mashine inazungusha mitomaisini ya moto ndani ya tumbo, nyuzi kama 42, saa moja mpaka moja na nusu. Hapo lita kadhaa za dawa ya moto zinapita kwenye mipira, watu wanadhani ndiyo tumejikinga kwa mitambo mikubwa. Ukweli yanayotusaidia zaidi ni hayo aliyosema bintiKisauni: bango mlangoni, watu wachache chumbani, glavu mbili, kila mtu anajua ndoo ipi. Mlango ukishawekewa bango hata profesa haingii kuchungulia.

DadaSkrabu

Wakuu nimerudi, asanteni, mume wangu naye amesoma yote.

Jumatatu nilikwenda kliniki, dokta ameandika, kaniambia tuendelee kama kawaida, ultrasaundi wiki ya 20 ataangalia kwa makini zaidi. Nikamwambia inchaji nina mimba. Alikaa kimya muda, akaniambia mbona hukusema mwanangu, halafu yeye mwenyewe akanishika mkono tukaenda kwa mganga mfawidhi. Wakataka kunihamishia chumba cha mifupa nikakumbusha kule kuna eksirei kila operesheni, basi nipo chumba cha wazazi wanaojifungua kwa upasuaji.

Bingwa wa mkojo amekubali, famasi wanaongea na hospitali ya rufaa wawachanganyie, na kwa mgonjwa wa wiki hii ameamua dawa ataiweka kesho yake wodini ndani ya saa 24 tangu akwangue, ikishafika imefungwa. Timu ya macho inakuja mwezi ujao, nimewatumia ujumbe wa macho_kwanza kama ulivyo.

Mzee wa usafi, maneno yako niliyasoma kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi. Kumbe wahudumu wetu wawili wananyonyesha na hakuna aliyekuwa anajua. Chombo chenye mfuniko kimepatikana, ni ndoo ngumu ya rangi iliyooshwa mpaka kitakaponunuliwa chenyewe, na maandishi ya juu yake ameandika mhudumu wetu wa zamu ya usiku kwa mkono wake, amesema mliyoandika nyie manesi hayasomeki kwenye giza la koridoni.